Albert Baertsoen na Jioni za Ghent

Mchoraji tunayemzungumzia leo alizaliwa Ghent, nchini Ubelgiji, mwaka 1866, na akafia huko huko mwaka 1922. Sehemu kubwa ya maisha yake aliitumia kuchora kitu kimoja: miji ya Flanders iliyokaa kando ya maji. Mifereji, gati, matishali yaliyofungwa kamba, nyumba kongwe ambazo kuta zake za mbele hupanda kwa ngazi hadi kileleni, theluji, jua linapozama. Watu ni wachache, na mara nyingi hawamo kabisa. Albert Baertsoen aliifanya kazi hiyo kwa rangi za mafuta juu ya turubai, akaifanya pia kwa sindano na tindikali juu ya mabamba ya shaba, na kwa njia zote mbili akajipatia jina kwao na Ufaransa. Hukumu iliyomfuata tangu wakati ule ni kwamba alikuwa mchoraji wa miji iliyokufa, msanii wa ukimya na majonzi, aliyeupa kisogo ulimwengu wa kisasa. Ni hukumu ya kumsifu, nayo inarudiwa kwa nia njema. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba haisimami. Mji aliouchora Baertsoen ulikuwa hai kupita kiasi. Huzuni iliyomo kwenye picha zake ni ya mahali panapofanya kazi hadi pakachoka, na ya majengo makongwe ambayo bado yalikuwa yakitumiwa na watu maskini, kabla hayajasafishwa ili yatazamwe na wageni.

Tuanze na hiyo hukumu, maana haikuzuka hewani. Mwaka 1892 Georges Rodenbach, mwandishi aliyekulia Ghent, alichapisha riwaya yake ya Bruges-la-Morte, ambamo mjane anahamia Bruges kwa sababu mji huo unafanana na marehemu mkewe. Kitabu kilitiwa picha za kamera za mifereji na madaraja ya Bruges, na picha ya mwanzo ilichorwa na Fernand Khnopff. Ilikuwa rahisi kuamini hadithi ile. Bruges ulikuwa kati ya miji mikubwa ya biashara Ulaya, kisha mkono wa bahari ulioufikia ukajaa mchanga, biashara ikahamia Antwerp, na kufikia karne ya 19 mji ukawa umebaki na minara mikubwa na watu wengi wanaoishi kwa sadaka. Khnopff, aliyeishi hapo utotoni, aliifikisha fikra hiyo ukingoni mwaka 1904 alipochora uwanja mmoja wa Bruges, akaiondoa sanamu ya mchoraji Memling juu ya nguzo yake, na akaileta bahari hadi kwenye vizingiti vya nyumba. Hiyo ni picha ya ndoto, nayo haikusudii kuwa kitu kingine. Baada ya Rodenbach na Khnopff, kila aliyechora mfereji wa Flanders wakati wa jioni alihesabiwa mfuasi wao. Baertsoen alikuwa wa kizazi hicho hicho na alizunguka katika duru hizo hizo za sanaa, basi akaingizwa kwenye kundi bila kuulizwa.

Lakini Ghent si Bruges. Miji hii miwili imetengana kwa kilomita zisizofika 50, na katika karne ya 19 ilikwenda njia zinazopingana. Mwishoni mwa karne ya 18 Lieven Bauwens, mfanyabiashara wa Ghent, aliingiza kwa magendo mashine za kusokota pamba kutoka Uingereza, nchi iliyokataza kabisa zisitoke. Kutokana na magendo hayo Ghent ukageuka mji wa viwanda vya pamba na kitani, wa kwanza wa aina yake katika sehemu ile ya Ulaya. Hata Gravensteen, ngome ya mawe ya watawala wa kale wa Flanders, iliwahi kufanywa kiwanda cha kusokota nyuzi, na wafanyakazi wakaishi ndani ya kuta zake. Mwaka 1827 ulifunguliwa mfereji mkubwa kwenda Terneuzen, ukaipa Ghent njia ya baharini. Wafanyakazi walibanwa kwenye vichochoro vilivyojengwa nyuma ya nyumba za barabarani, familia kadhaa zikitegemea pampu moja ya maji, na mwaka ule ule aliozaliwa Baertsoen kipindupindu kiliua maelfu ya watu nchini, vichochoro vya Ghent vikiwa miongoni mwa mahali palipoathirika vibaya. Kutoka vichochoro hivyo ndipo ulipotoka mwanzoni mwa miaka ya 1880 ushirika wa Vooruit, ulioanza na mkate wa bei nafuu na ukaishia kuwa nguzo ya chama cha wafanyakazi. Baertsoen mwenyewe alikuwa mtoto wa ukoo wa wenye viwanda vya nguo. Chakula, masomo yake katika chuo cha sanaa cha Ghent kwa mwalimu Jean Delvin, na muda aliokaa Paris kujifunza kwa Alfred Roll, vyote hivyo vilitoka kwenye nyuzi. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba mji wake umekufa kungekuwa kichekesho.

Mtu ataniuliza: kama mji ulijaa watu na mashine, mbona kwenye picha hawaonekani? Jibu lake liko kwenye saa. Baertsoen alipendelea jioni, majira ya baridi, siku za theluji, na zaidi siku za theluji inayoyeyuka, ambazo mtu mwenye hiari hakai nje. Picha yake mashuhuri ya mwaka 1903, iliyomo katika makumbusho ya kifalme ya Brussels, inaitwa kwa ufupi Gand, le soir, yaani Ghent wakati wa jioni. Sasa tukumbuke mwaka 1903 ulikuwaje kwa anayefanya kazi Ghent. Sheria ya mwaka 1889 ilikuwa imewakataza viwandani watoto wa chini ya miaka 12, ikawawekea wavulana wa chini ya miaka 16 na wanawake wa chini ya miaka 21 kikomo cha saa 12 kwa siku. Mwanamume mzima hakuwekewa kikomo chochote. Mapumziko ya Jumapili kwa sheria yalikuja mwaka 1905, na siku ya kazi ya saa nane ikaja mwaka 1921, mwaka mmoja kabla ya mchoraji kufa. Mji wa namna hiyo una gati tupu mchana kwa sababu watu wamo ndani ya kuta, na una gati tupu usiku kwa sababu wameanguka kulala. Utupu wa picha zake ni utupu wa ratiba. Na vitu anavyoviacha vionekane vinaunga mkono usomaji huu: tishali halifungwi gatini kama pambo, limeleta shehena au linaingoja, theluji inayoyeyuka ni theluji iliyokwisha kukanyagwa. Khnopff alipotaka mji usio na watu alileta bahari ya kufikirika. Baertsoen hakuhitaji kuleta chochote. Alisubiri tu saa ifike.

Ushahidi ninaouthamini kuliko wote uko kwenye michapo yake ya shaba, na inafaa tuikaribie tuone inavyotengenezwa. Bamba la shaba hupakwa tabaka jembamba la nta ngumu, kisha mchoraji huikwaruza nta kwa sindano hadi shaba ing'ae. Bamba likizamishwa kwenye tindikali, pale palipokwaruzwa huliwa na kuwa mfereji mdogo; palipofunikwa na nta hubaki salama. Mstari ukikaa kwenye tindikali kwa dakika chache hutoka mwembamba kama unywele, ukiachwa muda mrefu hutoka mzito na mweusi. Baadaye nta huondolewa, wino hupakwa bamba zima na kufutwa usoni ili ubaki ndani ya mifereji tu, na karatasi iliyoloweshwa hukandamizwa juu yake kwa mashine ya rola hadi iunyonye wino. Kinachotoka kimegeuka kushoto kulia, na mchoraji asiyelifikiria hilo mapema hujikuta ameuchapa mji wake kama unavyoonekana kwenye kioo. Jambo la maana kwa hoja yetu ni hili: kazi hii haimpi mtu ukungu wa bure. Mwenye brashi anaweza kuyaficha mashaka yake ndani ya kijivu, akaita kijivu hicho hisia. Mwenye sindano lazima aamue kila tofali liishie wapi. Kweli, fundi anaweza kuacha utando wa wino usoni mwa bamba ili apate giza laini, lakini utando huo unakaa juu ya mistari, hauchukui nafasi yake. Theluji kwenye mchapo ni sehemu ambayo sindano haikugusa. Ni karatasi yenyewe, na ubora wake unategemea weusi wa ukuta ulio jirani. Anayezitazama nyumba za Baertsoen katika michapo hii anakuta majengo yenye uzito, dirisha moja likiwa limekaa upande kuliko jingine, kuta zinazoegemeana kwa uzee. Mtu anayeota hachori hivyo. Hizi ni nyumba zilizokaguliwa, na huzuni yake imebaki ile ile baada ya ukungu kuondolewa.

Yapo maelezo mengine, mepesi na yenye nguvu kwa sababu ya wepesi wake: kwamba Flanders kuna mvua, mawingu yako chini, mchana wa Desemba haufiki saa nane, na mchoraji mkweli wa huko atachora kijivu apende asipende. Maelezo haya yanavunjwa na rafiki yake mwenyewe. Emile Claus, aliyemzidi Baertsoen kwa miaka 17, aliishi Astene, kijiji kilicho kando ya mto Leie, katika nyumba aliyoiita Zonneschijn, yaani mwanga wa jua. Huko alichora ng'ombe wakivuka mto, mashamba, miti, na maji yanayometameta hadi macho yakaumia. Leie ile ile huteremka kutoka Astene kwenda Ghent, ikaungane na mto Scheldt katikati ya mji. Maji ni yale yale na mawingu ni yale yale. Wawili hao waliheshimiana na walionyesha kazi zao kwa watazamaji wale wale. Mmoja alichagua mto unapopita malishoni saa nne asubuhi, mwingine akauchagua ukishafika mjini na kupita chini ya madirisha ya viwanda. Hali ya hewa ya Flanders ilitosha kumpa kila mmoja alichokitaka, kwa hiyo haiwezi kutueleza kwa nini walitaka vitu tofauti.

Pingamizi zito zaidi ni la wale wasemao kwamba Baertsoen alikuwa mtu wa kutamani zamani: alizipenda nyumba kongwe, akazichora kwa uchungu kwa kuwa zilikuwa zinatoweka. Nakubali kwamba zilikuwa zinatoweka. Katika miaka ya 1880, Baertsoen akiwa kijana, manispaa ilivunja mtaa duni wa Batavia na mahali pake pakajengwa taasisi ya chuo kikuu. Barabara pana zilikatwa kwenda kituo cha reli. Lakini tazameni kile ambacho mji wenyewe ulifanya na kongwe zake zilizobaki. Wakati wa meya Emile Braun, Ghent ulijiandaa kwa maonyesho ya dunia ya mwaka 1913. Nyumba zilizolibana kanisa la Mtakatifu Nikolasi zilibomolewa ili kanisa lisimame peke yake. Gravensteen iliyokuwa kiwanda ilirekebishwa, ikafunguliwa kwa wageni mwaka 1907 ikiwa na sura ya ngome kuliko ilivyowahi kuwa kwa karne kadhaa. Daraja jipya la Mtakatifu Mikaeli, la mbunifu Louis Cloquet, lilimalizika mwaka 1909, na kutoka juu yake msafiri akapata kuiona minara mitatu kwa mstari mmoja, mandhari ambayo leo iko kwenye kila postikadi. Kilele cha chuma cha mnara wa kengele, kilichowekwa katikati ya karne ya 19, kiling'olewa, na cha mawe kikajengwa kati ya 1911 na 1913 kwa mtindo wa zama za kati. Zamani ya Ghent, kama mtalii anavyoijua, ni changa kuliko picha ya Baertsoen ya mwaka 1903.

Hapo ndipo tofauti inapojitokeza. Waliotamani zamani walikuwa na bajeti, wasanifu na wapiga mawe. Waliuondoa uchafu, wakaondoa maskini waliokaa ndani ya uchafu huo, na wakabaki na ukongwe safi. Baertsoen alikuwa na ukongwe usiosafishwa: nyumba ya karne ya 16 iliyogeuzwa ghala, gati ambalo lipu yake imebabuka na hakuna aliyejali kuirudisha. Mwenye kutamani zamani hukionyesha kitu kama kilivyokuwa siku ya ubora wake. Huyu alikionyesha kama kilivyokuwa Jumanne jioni, kikiwa kimetumika.

Maonyesho yale ya mwaka 1913 yanatupa kipimo kingine, na hapa habari inatugusa moja kwa moja sisi wa upande huu wa Afrika. Serikali ya Ubelgiji, iliyoichukua Kongo kutoka mikononi mwa mfalme Leopold wa Pili mwaka 1908, ilitaka raia wake waipende koloni hiyo. Wachoraji Alfred Bastien na Paul Mathieu walitumwa Kongo, na waliporudi wakatengeneza mchoro wa mzunguko wenye urefu wa mita 115 na kimo cha mita 14, mtazamaji akisimama katikati na kuzungukwa na Kongo pande zote: bandari ya Matadi, reli, mimea iliyostawi, watu shwari chini ya jua. Umati ulimiminika kuutazama. Kulikuwa na mwanga mwingi katika turubai lile, na hakukuwa na neno lolote juu ya mikono iliyokatwa na vijiji vilivyohamwa kwa ajili ya mpira, mambo ambayo tume rasmi ya uchunguzi na wamisionari walikuwa wamekwisha kuyaandika kabla ya 1908. Kwa wale wanaodhani kwamba picha ya huzuni ndiyo inayoukimbia ukweli na picha ya jua ndiyo inayoukabili, naomba waziweke pamoja Gand, le soir na mchoro huo wa Kongo, picha mbili zilizotengenezwa kwa ajili ya umma ule ule, ndani ya miaka kumi. Sisemi kwamba Baertsoen alikuwa mpinzani wa ukoloni. Hakuna kitu katika kazi yake kinachoruhusu kusema hivyo. Nasema tu kwamba kijivu chake hakikununuliwa na wizara.

Sasa nakuja kwenye lawama ambayo siwezi kuiondoa yote. Mwana wa mwenye kiwanda anachora mji wa viwanda, na wafanyakazi hawamo. Je, huo ukimya si ule wa mtu aliyeketi vizuri, anayetazama uchovu wa wengine kwa mbali na kuuona mzuri? Walikuwepo wasanii waliofanya vinginevyo. Constantin Meunier aliwapa wachimba makaa na wafua chuma miili mikubwa ya shaba, yenye hadhi ya mashujaa wa kale. Na huko huko Ghent alikuwepo Jules De Bruycker, mdogo kwa Baertsoen kwa miaka minne, mtu wa michapo ya shaba pia, aliyekuwa na studio katika jengo la utawa wa zamani huko Patershol, mtaa wa maskini chini ya kuta za Gravensteen. De Bruycker alizijaza barabara zile zile watu hadi zikafurika: wachuuzi, walevi, vikongwe, watoto, nyuso zilizopinda. Tukiwa na michapo ya De Bruycker mkononi hatuwezi kudai kwamba Baertsoen hakuwa na watu wa kuchora. Aliwaacha, na kuwaacha kulikuwa uamuzi. Kwa maoni yangu uamuzi huo una gharama: hakuna picha yake inayotuambia jina, umri au sura ya aliyelala nyuma ya dirisha, na msomi anayetaka historia ya wafanyakazi wa Ghent atapata zaidi kwa De Bruycker. Lakini tusiuite kukimbia. Msanii anayeukimbia ulimwengu wa mashine hasafiri kwenda kuutafuta, na Baertsoen alisafiri. Alikwenda kwenye bonde la mto Meuse, upande wa Liège, ambako ukoo wa Cockerill ulikuwa umeanzisha mwaka 1817 kiwanda cha chuma kwenye kasri la maaskofu watawala wa zamani, na ambako kufikia wakati wake ukingo wa mto ulikuwa dohani, tanuri na vilima vya taka za migodi. Aliyachora hayo kwa turubai kubwa, kwa uzito ule ule na theluji ile ile aliyoipa Ghent. Anayesema Baertsoen ni mtu wa miji iliyokufa anazipita picha hizo kimya kimya au anazitaja kama kituko. Mimi naona ndizo zinazoziweka picha za Ghent mahali pake, kwa kuwa zinaonyesha alichokuwa akikitafuta siku zote: mahali ambapo kazi imeacha uzito wake juu ya maji na kuta. Uzee wa nyumba ulikuwa njia moja ya kuuona uzito huo, masizi ya Liège yakawa njia nyingine.

Na kama hilo halitoshi, kuna London. Wajerumani walipoivamia Ubelgiji Agosti 1914, wasanii wengi walivuka bahari, Claus na Baertsoen wakiwemo, wakakaa Uingereza hadi vita vilipokwisha. Wote wawili walichora mto Thames. Claus, kama ilivyotarajiwa, alilitafuta jua juu ya madaraja, akalipata. Baertsoen alikwenda kwa matishali, magati na anga zito, akauchora mto wa Waingereza kana kwamba ulikuwa umetokea upande wa pili wa mtaa wake. Kulingana na maelezo ya kawaida, hapa angepaswa kukwama. London haikuwa na mkono wa bahari uliojaa mchanga, haikuwa na watawa wanaotembea kando ya mifereji, wala mjane wa Rodenbach. Ulikuwa mji mkubwa kuliko yote duniani, bandari yake ikihudumia himaya na vita kwa wakati mmoja, usiku na mchana. Hata hivyo kazi alizozifanya hapo ni za mtu yule yule, mwenye macho yale yale, na wanaotaka kuendelea kumwita mchoraji wa miji iliyokufa wanatakiwa kwanza watueleze ni nani aliyekufa kwenye Thames ile.